Mlango wa Bafu la Mama

Mafundi wenzake walimwita Milimita, na si kwa kumsifu tu. Bwana huyo akikosea hata kwa unene wa ukucha, anabomoa. Mwenye nyumba apige kelele, alie, anune, yeye anabomoa tu. Miaka thelathini amekata matundu ya milango kwenye kuta za watu, na ukikaa naye dakika tano lazima akupe somo lake: tundu halikatwi kwa kipimo cha mlango. Unapima mlango, unaongeza unene wa fremu kulia na kushoto, kisha unaacha upenyo wa kidole wa kupachika kabari, maana ukuta ulionyooka bado hajauona.

Lakini mganga hajigangi. Mama yake mzazi alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kiti cha magurudumu tangu kiharusi cha mwaka juzi. Bafu lilikuwa pale pale nyuma ya ukuta wake wa mbao, ila kulifikia ilibidi azungukie ukumbini, penye ngazi mbili, abebwe. Mama hakutaka. "Mimi si gunia," alisema, akaanza kujinyima maji ya kunywa ili asipate haja ya kwenda. Binti yake alipoligundua hilo alikuja juu. Akamwambia kaka yake neno moja: Jumamosi ikifika mama hawezi kwenda bafuni peke yake, anamchukua akaishi kwake. Na mama, nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, kuiacha hataki hata kusikia.

Ijumaa, mama akiwa amelala, Milimita akakipima kiti kwenye kona kiliposimama. Sentimita sitini na tatu. Akakipa njia ya sitini na sita, akajumlisha fremu na kabari, sabini na sita. Akakata nguzo za ukuta, akalaza boriti juu ibebe uzito, akasimamisha fremu, timazi likatulia, akatundika mlango. Kazi safi, tusimsingizie mtu.

Jumamosi asubuhi mama akajisukuma. Magurudumu yakapita. Vidole havikupita. Mkono wa kulia ukakwaruzwa kwenye fremu, ngozi ikabanduka, damu ikatoka. Jamani! Kiti amekipima, anayekiendesha hakumpima.

"Umeona mwenyewe," dada yake aliyefika asubuhi hiyo akasema, akaenda kufungua kabati la mama.

Milimita aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Akamfunga mama kitambaa mkononi, kisha akachuchumaa sakafuni na futi yake.

"Mama, hebu nenda dirishani urudi. Polepole."

Mama akaenda, akarudi. Kiti hakikwenda sawa. Kilikuwa kinavuta upande wa kulia kila baada ya hatua mbili.

"Huu mkono wa kulia una nini?"

"Umelegea."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, baba. Wewe kila siku unanisalimia ukiwa umesimama mlangoni, ungejuaje?"

Milimita akainuka, akang'oa fremu, akasogeza nguzo ya upande wa kulia sentimita kumi na tano. Boriti ikawa fupi, akakata nyingine. Mlango nao ukawa mwembamba, akauunga ubao ubavuni, wa rangi nyingine kabisa. Kwa mteja asingethubutu. Safari hii hata hakurudi nyuma kuutazama.

Alasiri mama akajisukuma tena. Kiti kikavuta kulia kama kilivyozoea, na mkono ukapita bila kugusa kitu. Akageuka huko ndani, akafunga mlango, komeo likaingia.

Kaka na dada wakabaki wamesimama nje.

"Nyie wawili mnasubiri nini hapo?" mama akaita kutoka ndani. "Ondokeni! Na huyo anayefungasha nguo zangu, azirudishe alikozitoa."