Punje Zilizozidi Watu

Nakumbuka asubuhi tuliyochagua mwenyekiti wa kisima, mwanangu, na leo naikumbuka kwa sababu yako. Umeingia hapa nyumbani kwangu, mtaa wa Cheyo, unaruka, eti umechaguliwa meya wa mji wenu wa kwenye simu. Nikakupa hongera. Chai haijapoa, wenzako wakaanza kukupigia, wanalalamika kwamba kura ni nyingi kuliko wachezaji. Nilipokuuliza ukanijibu, "Bibi, huo ni mchezo tu, mji wenyewe haupo."

Mji haupo, sawa. Mbona ugomvi upo sebuleni kwangu? Hebu weka simu chini unisikilize. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami kwa umri huu sina nguvu za kukubeba.

Kijijini kwetu, njia ya kwenda Urambo, tuliambiwa tutachimbiwa kisima cha pampu. Tuchague kamati, na mwenyekiti ndiye angeamua pampu ikae wapi. Nikasimama mimi, binti ambaye hata kuolewa bado. Watu walicheka. Wacheke! Mama yangu alikuwa ameumia mgongo kwa kubeba maji kutoka bondeni, na mimi nilitaka pampu ikae shuleni, katikati ya kijiji. Mpinzani wangu, mkulima mkubwa wa tumbaku, aliitaka karibu na lango lake.

Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo tulipiga kura kwa punje za mahindi. Unapewa punje moja, unaingia nyuma ya mkeka uliotundikwa, unaidondosha kwenye kibuyu cha unayemtaka. Msimamizi alikuwa Mzee Chilongani, Mgogo aliyeletwa na kazi ya reli akaoa kwetu. Tulimchagua kwa sababu ni mtani. Zamani babu zetu Wanyamwezi walipokatiza Ugogo na mizigo ya pembe za ndovu kwenda pwani, babu zake waliwatoza hata maji ya kunywa, na baada ya ugomvi mwingi ukabaki utani. Mtani anakwambia ukweli mbele za watu na huna ruhusa ya kununa.

Vibuyu vikamwagwa. Nimeshinda! Akina mama wakapiga vigelegele, wakaninyanyua juu. Mzee Chilongani akahesabu punje, akahesabu watu, akarudia tena. Punje zilizidi watu. Mpinzani wangu akafoka kwamba kaibiwa, na watu wa upande wangu wakamzomea: "Wivu huo! Kubali yaishe!"

Mzee akanisogelea. "Ninyi Wanyamwezi kwa kubeba mizigo hamjambo," akasema. "Umejitwika huu hata hujauliza ndani kuna nini."

"Mimi sijaiba, babu!" Hasira zilikuwa zimenipanda.

"Nani kasema umeiba? Nasema umeshinda. Huyu bwana akidai turudie, ataitwa mwenye wivu. Nikidai mimi, mtasema Mgogo kaanza kutoza. Ukidai wewe, nani atabisha?"

Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafunga upya pindo la khanga yake, na chini miguuni pake imeanguka punje ya mahindi. Wallahi, moyo ulinipasuka. Tukirudia, huenda tukaikosa pampu, na mgongo ule uendelee kuteseka. Tusiporudia, ipo siku mtu atauliza zile punje zilitoka wapi, na jibu litafika mlangoni kwetu.

Nikapaza sauti: "Turudie!"

Vigelegele vikakatika. Safari hii kila mtu alinyoosha viganja mbele ya wote, tukaiona punje yake moja, ndipo akapita nyuma ya mkeka. Nikashindwa. Pampu ikajengwa langoni kwa yule bwana, mbali na kwetu, na mama akaendelea kujitwika ndoo. Siku moja tukiwa jikoni akaniambia, "Mimi nilitaka maji ya karibu tu, mwanangu." Nikamwambia, "Najua, mama." Hatukuyarudia maneno hayo mpaka anaingia kaburini. Yaliniuma, na bado yananiuma, sitakudanganya.

Lakini sikukaa kitako nikalia. Yule bwana alianza kuifunga pampu kwa kufuli, anafungua anapojisikia. Uchaguzi uliofuata nikasimama tena, viganja vikanyooshwa vilevile, nikashinda. Kufuli nililing'oa siku hiyohiyo mbele ya macho yake, naye akasogea kunipisha. Angenizuiaje? Kijiji kizima kilikumbuka ni nani aliyedai kura irudiwe wakati ameshinda.

Sasa wewe unaniambia ni marafiki zako waliojiandikisha kwa majina ya watu wasiokuwepo ili wakupandishe, na wewe hukuwatuma. Nakuamini. Hata mimi sikumtuma mtu. Ila nasaha yangu ni hii, uishike: hesabu ikiwa na walakini, aliyeshinda ndiye awe wa kwanza kudai irudiwe. Usingoje aliyeshindwa alie, maana yeye hata akisema kweli hataaminiwa. Leo ni mji wa kwenye simu, kesho ni serikali ya mtaa, na mtu ni yuleyule. Samaki mkunje angali mbichi, nami nakukunja leo. Na hao rafiki zako usiwaaibishe mbele za watu. Wanakupenda, ila wamekupenda vibaya.

Haya, chukua simu yako, waambie mrudie. Ukishindwa, njoo jikoni, chai ipo, na uchaguzi mwingine upo. Mungu akujaalie kiti ambacho mtu akikuuliza umekipataje, hutainamisha kichwa kutazama miguu yako.