Dada yangu, waya wa kichwani na ndoo ya maji ya Ruhembe

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo. Madaktari wa humu mnivumilie. Shahada yangu ni ya mambo ya jamii, na mpaka leo imenisaidia kubishana tu. Ila haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Dada yangu mkubwa, Rehema, anaishi Ruhembe, kule kwenye miwa. Mimi nipo Mikumi.

Kwa miaka mingi mikono yake ilitetemeka. Chai ilimwagika kabla ya kufika mdomoni. Watu wakasema ni pombe, na dada hata togwa iliyolala haonji.

Ukoo ukahangaika, akapelekwa India. Wakamwekea nyaya nyembamba ndani ya ubongo. Kutoka hapo waya unapita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, hadi kwenye betri iliyofukiwa kifuani. Umeme mdogo unatuliza mtetemo.

Siku walipowasha, alishika kikombe, akakiangalia, akalia.

Mimi ndiye niliyemsindikiza, kama msomi wa ukoo. Daktari akasema asinyanyue vitu vizito. Nikamweleza dada kwa sauti ya mhadhiri. Akaitikia.

Miezi ikaenda vizuri. Halafu asubuhi moja mumewe akanipigia: "Shemeji, mikono imerudi kule kule."

Nilimkuta dada ameikalia mikono yake ili isionekane. Hiyo picha hainitoki.

Majirani walikuwa na jibu tayari. "Chaji imeisha hiyo." Fundi simu wa pale akajitolea kuja na chaja. Tulimshukuru sana, tukafunga mlango.

Tukaenda hospitali Dar. Betri ikapimwa, nzima. Eksirei ikaonyesha waya umekatika shingoni.

"Mama, ulianguka?" daktari akauliza.

"Hapana."

"Ulinyanyua kitu kizito?"

"Mimi? Si nilikatazwa!"

"Hata ndoo ya maji?"

"Ndoo natwishwa. Jirani ananyanyua, mimi nabeba kichwani tu."

Daktari akainama kuficha kicheko. Kisha akaeleza kwa upole: shingo ikibeba ndoo kila siku, waya unapindwa na kukandamizwa mpaka unachoka. Yule mwenzake wa India hakuuliza habari za ndoo. Na mimi niliyekulia kwenye ndoo hizo hizo, nilikaa pale nikitikisa kichwa kisomi.

Dada hakucheka.

"Nilipokuwa natetemeka, ndoo ilifika nyumbani nusu, na mimi nimelowa, watoto wananicheka. Nilipopona, kitu cha kwanza nilichotaka ni kutoka bombani na ndoo imejaa, bila kuishika. Sasa mmenipa mikono, mnaninyang'anya kichwa."

Shahada ya kubishana nikaiweka kando, nikamwuliza daktari waya unarekebishwaje.

Kipande cha waya kilibadilishwa, ubongo haukuguswa. Tulingoja kwa hofu walipowasha tena. Mikono ikatulia.

Nilichojifunza, wakuu: ukimpeleka ndugu yako kuwekewa kifaa cha namna hii, usiishie kuuliza amekatazwa nini. Msimulie daktari siku yake inavyokwenda tangu anapoamka: anabeba nini, anabebaje, analalaje. Vifaa hivi havijui maisha yetu mpaka tuviambie.

Wiki iliyopita nilikwenda Ruhembe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ndoo ile pale."

Kina mama wa bombani wakanitwisha kwa furaha kubwa mno. Nilifika na nusu ndoo, shati limelowa mpaka kwenye mkanda, watoto nyuma yangu kama wanasindikiza harusi.

Dada alikuwa mlangoni na kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni. Akanipa. Halikudondoka hata tone.

"Pole, baba," akasema. "Watakucheka. Utazoea."

Mwenye ndugu aliyewekewa kifaa kama hiki aseme kwao kilisumbua wapi, tusaidiane. Na mwanaume anayejua kubeba ndoo bila kulowa anielekeze hapa hapa hadharani, aibu nimeshaimaliza.