Amri ya Gavana na Radhi ya Bibi

Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma matangazo nakupenda mno. Popote ilipopigiliwa karatasi ya serikali nitasimama niisome kwa sauti, na moyoni najiona nimevaa kofia ile nyeupe yenye manyoya, Gavana mwanamke, naamuru watoto wote wa Mabawa, mtaa wetu, wapewe machungwa bure. Mama alikuwa akicheka. "Haya Bwana Gavana, amuru basi na vyombo vijioshe."

Tangazo lililonikata kicheko nililikuta darajani, tumeshapita Muheza, mwaka ule wa ndui.

Tulikuwa tukienda kwa Bibi, mamaake Mama. Mimi nilimjua kwa kusimuliwa tu. Mama aliolewa na baba yangu, mtu wa bara aliyekuja kukata mkonge, na Bibi hakutaka. "Nimekuzaa mimi, Mbondei, uende kwa manamba?" alimwambia, na tangu siku ile hawakusemezana. Sasa muuza machungwa mmoja alipita mtaani kwetu akasema, "Mamaako hawezi. Si ndui, ni uzee na moyo. Anakutaja wewe." Mama aliuacha mchele kwenye ungo.

Kwao, mzazi anayekuachia radhi hakutamkii tu. Hutia maji kinywani, akakupulizia kifuani. Mama alikuwa akiyafuata maji hayo.

Darajani palikuwa na kamba, na askari mmoja kijana.

"Shikamoo mama. Hakuna kuvuka, amri ya Gavana."

"Marahaba mwanangu. Mie sina ugomvi na Gavana. Nina mama yangu hapo ng'ambo."

Tangazo lilipigiliwa kwenye nguzo. Nikalisoma: kwa madaraka niliyopewa, naamuru mtu yeyote asivuke mto huu kwenda wala kurudi, isipokuwa daktari na askari. Chini yake sahihi moja tu. Shuleni tuliambiwa sheria hukaliwa baraza, watu wakabishana kwanza. Hii haikukaliwa.

"Madaraka hayo kapewa na nani?" nikamuuliza askari.

"Na mkubwa wake. Naye kapewa na mkubwa wake. Mimi nimepewa na sajini."

"Nawe umempa nani?"

"Nimpe nani, dada? Mimi ndio wa mwisho. Nasimama juani."

Nikacheka, naye akacheka. Nikadhani mambo yamelainika. "Basi ongeza hapo: isipokuwa daktari, askari, na mwenye mama mgonjwa."

Kicheko kikamfifia usoni. "Sahihi si yangu," akasema taratibu. "Ningekuwa nayo, ningeongeza."

Lakini alituacha tushuke ukingoni. Amri ilikataza kuvuka, kuita haikukataza. Mama akaita "Kaka! Kaka weee!" mpaka wanawake waliokuwa wakifua upande wa pili wakaenda kumwita Mjomba. Adhuhuri ilikuwa imeshapita walipotokea, Mjomba na vijana wa pale, wamebeba kitanda cha kamba. Juu yake kitu kidogo kimefunikwa kanga. Ndiye Bibi.

"Anasema amekuridhia!" Mjomba akapaza sauti.

"Namtaka yeye mwenyewe!" Mama akajibu.

Wakamwinua. Mjomba akamnywesha kwa kata. Mama akaingia mtoni mpaka magotini, akalegeza kanga, akakiweka kifua wazi kwa mamaake mbele ya askari na watu wote. Askari akageuka akatazama barabara. Bibi akapuliza. Nguvu alikuwa nazo wapi? Maji yalimchirizika kidevuni, machache yakaanguka mtoni palepale miguuni pa kitanda. Mama alisimama vile vile, akingoja. Kifua chake kilikuwa kikavu.

Bibi alizikwa juma lile. Khabari zilivuka mto kwa kupokezana sauti mpaka zikatufikia nyumbani, na matanga Mama aliyakalia Mabawa, mbali na nduguze.

Kamba ilipofunguliwa tulikwenda. Pale nguzoni palikuwa na karatasi mpya, sahihi ile ile. Nikamsomea Mama: amri ile imefutwa.

"Imefutwa, ndio kusema haipo tena?"

"Haipo, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaishika kamba iliyolegea, akaitazama. "Kwa hiyo ingekuwa leo, ningevuka," akasema.

Siku hizi Mabawa watu wanazungumza kwamba karibuni tutakuwa na mkubwa wetu wenyewe, mtu wa hapa hapa, atie sahihi yeye. Nami nafurahi, naota nao. Najua ndui si mchezo, na mkubwa yeyote angefunga daraja. Ila kila asubuhi Mama akichota maji mtungini hulowesha mkono kwanza, akajipaka kifuani, kisha ndipo hunywa. Nikimwona hivyo namwombea mkubwa huyo ajaye, akifika kwenye neno "isipokuwa", asimamishe kalamu kidogo, aulize nani yuko mtoni.