Alhamisi za Kupimwa Damu

Nilipokuwa darasa la tatu, sikio langu la kushoto lilitoa usaha kwa muda mrefu, kisha kichwa kikaanza kuniuma mpaka nikawa natapika na kuona vitu viwiliviwili. Baba alikuwa akiuza mitumba Makambako tangu biashara hiyo iliporuhusiwa. Alifunga kibanda, yeye na mama wakanipeleka Dar es Salaam. Huko nilipigwa picha ya kichwa, ikaonekana damu imeganda ndani ya mshipa mmoja wa ubongo, nyuma ya lile sikio. Nikatibiwa sikio, nikachomwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, na taratibu macho yakatengemaa. Tuliporuhusiwa kurudi tulipewa vidonge vya kazi hiyohiyo, vya kumeza kila jioni kwa miezi kadhaa, na agizo kwamba damu ipimwe kila wiki kwenye hospitali ya misheni karibu na Njombe.

Maumivu nimeyasahau. Ninachokumbuka ni jinsi nilivyogeuka yai pale nyumbani. Daktari alikuwa ameeleza kwamba kwa dawa ile, nikijikata damu itachelewa kukoma, basi sikuruhusiwa kushika kisu hata kumenya kiazi. Kaka yangu, mtu wa makonzi, akawa ananipisha kiti. Mama, Mbena asiyejua mlo usio na mboga za majani, aliambiwa asininyime ila asinibadilishie kipimo, maana mboga zikizidi hupunguza nguvu ya dawa. Akanitengea kibakuli. Nikiomba nyongeza, ananiambia niongeze ugali.

Kila Alhamisi, mimi na mama tulipanda lori la jirani aliyekuwa akienda Njombe kupakia mbao. Nilikaa katikati, joto la injini miguuni, ukungu nje, miti ya miwati ikitokea mmojammoja kando ya barabara. Hospitalini, maabara ilikuwa ya mtawa mmoja mcheshi. Alinitoa damu, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akawa anakiinamisha huku na huku akiitazama saa yake.

“Ikiwahi kuganda, daktari anaongeza dawa,” aliniambia. “Ikichelewa mno, anapunguza. Tunaitafutia mwendo wake.”

Kisha tulishuka sokoni. Mama alininunulia chai ya maziwa na maandazi, na pichesi zilipoiva tulizila tukitembea. Alinisimulia utoto wake, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Nyumba yetu ilikuwa na watoto sita. Siku hiyo moja ya wiki alikuwa mama yangu peke yangu.

Alhamisi moja, daktari wa pale, mzee mpole, alinimulika machoni kwa tochi, akanitaka nitembee juu ya mstari wa sakafu, akamgeukia mama.

“Mshipa umetulia. Vidonge basi.”

Mama alijifunika uso kwa khanga. Mimi nikauliza, “Kwa hiyo wiki ijayo hatuji?”

“Hamji, mwanangu. Umepona.”

Nikaangua kilio. Daktari alirudi kunishika kichwa, akidhani kimeuma tena. Ilibidi niseme ukweli kwamba nilikuwa nalilia safari. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, machozi yakimtoka.

“Si lazima mtu aumwe ndipo aje Njombe,” alisema. “Tutakuja wazima.”

Alitimiza. Shule zilipofungwa, baba alitupakia sote sita nyuma ya lori lilelile, naye akaja pamoja na mama. Niliwaongoza ndugu zangu kama mwenyeji: hapa pana chai, hapa pana pichesi, mlango ule ndio maabara. Mtawa alitoka, akaninyanyua juu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amethubutu kwa miezi yote ile. Kisha akawatazama wengine, akauliza kwa sauti ya kazini ni nani anayeanza kutolewa damu.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujificha nyuma ya mama.