Dole Gumba la Mjukuu Wangu

Kutoka hapa Malindi mpaka Mambrui, msichana anayepiga gitaa la besi mimi namjua mmoja tu, naye ni mjukuu wangu. Nasema mapema ili anayetaka kununa anune. Gitaa lenyewe lina nyuzi nne nene kama kamba za kufungia mbuzi. Alijifunza kwa kutazama simu, chumbani kwangu, juu ya kitanda changu, na kila akigeuka nagongwa kichwani na ule mkono wa gitaa.

Anapigia kikundi cha kina mama kinachoimba harusini siku ya kupamba. Siku hiyo ukumbini haingii mwanamume, hata jogoo. Wanawake wanavua mabuibui, simu zinakusanywa mlangoni, bibi harusi anatazamwa mpaka anachoka. Kwa hivyo mpigaji lazima awe mwanamke, na wanawake wa kupiga besi hawaokotwi ufukweni kama makome.

Mambo yaliharibika pale kiongozi wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti ya honi ya lori, alipotaka wimbo wa mwisho upigwe kwa mtindo wa kuchapa. Nieleze nilivyouona. Dole gumba linachapa uzi mnene, kidole cha shahada kinauchokoa uzi mwembamba na kuuachia, ta-ka, ta-ka, mpaka makalio ya mtu yanasogea bila mwenyewe kuyapa ruhusa. Kuchokoa mjukuu wangu aliweza. Kuchapa ndiko kulikomshinda. Kila akichapa inatoka "dubu!", kama gunia la mchele limeanguka kutoka mgongoni mwa punda.

Kiongozi akamwambia mbele ya wenzake, "Mwanangu, nakupa mpaka Alhamisi. Kama hilo dole halijaamka, Ijumaa ya kupamba nakuja na kinanda. Kina kidude cha besi, ukikibonyeza kinapiga chenyewe, wala hakili biriani."

Mtoto akarudi nyumbani analia. Akala sahani mbili za wali, bado analia. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikalitazama lile dole. Laini kama ndizi mbivu, na lengelenge juu yake. Nikajifanya daktari. Mimi nyayo zangu zikipasuka napaka hina, na ngozi inakaza hata nikikanyaga mwiba, wa kuhurumiwa ni mwiba. Basi nikakoroga hina na ndimu, nikalipaka dole lote, nikalifunga kitambaa.

"Bibi, una hakika?"

"Nimezaa saba mimi. Kalale."

Asubuhi tukafungua. Dole jekundu, linang'aa kama tende. Ugumu je? Wapi! Laini vilevile.

Akaenda kununua mbaazi za kulia mahamri, akanyoosha mkono kupokea bakuli. Hapo tu. Kwetu watoto wadogo hupakwa hina sikukuu ya Idi, na mke wa mtu hupaka apendapo. Lakini msichana wa miaka ishirini ambaye hajaolewa, Jumanne asubuhi, kidole kimoja? Mji mzima ukajua amechumbiwa kwa siri. Adhuhuri walikuwa wamekwisha kumpa mchumba mwenye duka. Alasiri duka limekuwa mawili.

Nikasikia hodi. Wanawake sita mlangoni, wamevaa vizuri, mmoja kashika chetezo cha udi. Mbele yao binti yangu mkubwa anayekaa Gede, shangazi yake mtoto, macho mekundu.

"Mama! Mimi shangazi mtu, habari nizipate kwa muuza mbaazi?"

"Habari gani? Hakuna habari."

"Hakuna? Na hilo dole?"

"Nimempaka mimi. La kupigia gitaa."

Wakatazamana. Jirani yangu, ambaye hata nikikohoa hujua nimekohoa mara ngapi, akasema, "Shoga, mahari ni kubwa kiasi hicho mpaka unatuficha?"

Kubishana na watu waliokwisha kuvaa nguo za sherehe ni kazi bure. Nikawakaribisha ndani, nikamwambia mjukuu wangu akachome chapati uani, upesi.

Chapati yule nilimfundisha mwenyewe. Hageuzi kwa kijiko. Anageuza kwa vidole juu ya chuma cha moto, kama mimi, kama mamangu. Nikatoka uani kumhimiza, ndipo nikaliona dole. Kifundo cha mkono kinazunguka, kama mtu anayefungua mlango kwa ufunguo. Dole linashuka, linagusa, limeruka. Halikubaki pale hata kidogo. Lingebaki lingeungua! Kumbe kwenye gitaa yeye alikuwa akilishusha dole na kuliacha limelala juu ya uzi, kama karani anayegonga muhuri, na uzi uliolaliwa utalia vipi?

"Usisogee!" nikapiga kelele. "Nakuletea gitaa!"

"Bibi, chapati!"

"Ziungue!"

Nikambebesha gitaa palepale uani, mikono ina mafuta, na spika yake ndogo nikaiweka juu ya mtungi. "Huo uzi ni chuma cha chapati. Una moto. Gusa, ondoka."

Dubu.

"Umeungua. Tena."

Dubu.

"Umeungua tena, mwanangu, utabaki na vidole vinne."

Akacheka, na alipocheka mkono ukalegea. Ta!

Tukatazamana. Ta! Ta! Akatia na kidole cha shahada, ta-ka, ta-ka. Wageni wakatoka uani kuona kuna nini. Shangazi mtu, aliyekuja kulia, akajifunga leso kiunoni. Jirani akasema, "Haya, mchumba hayupo, tumeamini. Piga tena." Chapati zikawa mkaa. Tukanywa chai kavu.

Jumatano kutwa nilimkalia. Nilimpigisha polepole, uzi mmoja, kama mtu anayechambua mchele. Akienda mbio dubu inarudi, na mimi namtupia kandambili.

Alhamisi nikamsindikiza mazoezini kwa kiongozi. Kinanda kilikuwa tayari mezani, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kinangoja kama mgeni rasmi. Mjukuu wangu akakikodolea macho, hata gitaa halitazami. Wakaanza na ule wimbo wa mwisho. Dubu. Nikakohoa. Dubu. Sikuweza kuvumilia. Nikainuka, nikamkamata kifundo cha mkono katikati ya wimbo: "Zungusha! Ufunguo! Ufunguo!"

Ngoma zikanyamaza. Kiongozi akanitazama.

"Dada, wewe unapiga chombo gani humu?"

"Mimi bibi yake."

"Basi bibi yake akapumzike barazani."

Nikatolewa. Mimi, mtu mzima, na viatu nikapewa mkononi. Mlango ukafungwa kwa ndani. Nikakaa barazani nimebandika sikio ukutani, na ukuta ulikuwa na chokaa mbichi, lakini hilo nililigundua baadaye. Ngoma zikaanza. Mwimbaji akaanza. Besi kimya. Moyo wangu ukawa ndio unaopiga dubu, dubu. Nikamwambia kimyakimya, mwanangu, gusa uondoke.

Ta!

Halafu ta-ka, ta-ka, ta-ka, mpaka dirisha likatikisika. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, na dubu sikuisikia tena hata moja. Kisha nikasikia ile honi ya lori:

"Niondoleeni hicho kinanda mezani, nataka pa kuweka birika."

Nikaruka, nikagonga mlango kwa mikono miwili. Kiongozi akachungulia dirishani, akaniona sikio jeupe.

"Bado nyimbo tatu, dada. Kaa hapo hapo."

Nikakaa. Kila aliyepita nilimsimamisha nikamwambia anayepiga besi humo ndani ni wangu. Wengi walisikiliza. Mmoja alisema ana haraka. Huyo nilimfuata mpaka kona.