Neno "Hakuna" Katika Daftari la Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini, Bukoba mjini, mkuu wa maabara hakuniruhusu hata kuigusa hadubini. Alinipa kitambaa nisafishe vioo vya kupimia damu mpaka jioni. Nilinuna, si kidogo. Msomi mzima, nimetoka chuoni na cheti changu, eti naosha vioo!

Baadaye nikahamishiwa hospitali moja ya misheni kwenye vilima vya Muleba. Mkuu wangu huko alikuwa Sista mmoja mzaliwa wa Kiziba, mkali kama pilipili. Enzi hizo watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na waliotoka migombani huku juu kushuka Ngenge, kwenye mbu, walituletea homa kila wiki. Kazi nilishaizoea, nikajiona bingwa. Tone la damu ya kidole unalipaka kwenye kioo, unalitia rangi, unatafuta vijidudu vya malaria. Nisipoviona, naandika daftarini: Hakuna.

Asubuhi moja Ta Rwegasira, yaani Bwana Rwegasira, mkulima wa Ngenge, alimleta mkewe kwa machela. Mama bado kijana, anawaka moto na kuweweseka. Nikapima, nikaandika Hakuna. Daktari akasoma, akasita kumpa kwinini. Ta Rwegasira naye akalisikia neno lile, akalielewa kama linavyoeleweka kwetu: hospitali ikisema hakuna, basi ugonjwa si wa hospitali. Kabla sijamaliza chai yangu, wabebaji walikuwa wameshainua machela, wanamrudisha kwa mganga.

Sista alipofungua daftari akaniita.

"Nani amekwambia hakuna?"

"Nimetazama, Sista."

"Umetazama tone moja. Mwili mzima umeuingia lini? Mungu ndiye wa kuandika hakuna, maana yeye anaona kote. Wewe andika sijaona. Sasa mkimbilie yule mama."

Nilikimbia mteremko wote na koti langu jeupe. Niliwakuta mbali, jua limeshakuwa kali. Nikamweleza Ta Rwegasira kwamba nimekosea, kwamba vijidudu huweza kujificha ndani ya mwili visionekane kidoleni. Wabebaji wakaguna. Asubuhi nasema hivi, sasa nasema vile, mimi mtu gani? Ta Rwegasira akamgusa mkewe shavuni.

"Turudi, waitu," akawasihi wenzake.

Daktari akaanza kwinini papo hapo. Kioo cha pili sikuona kitu.  Cha tatu, vijidudu vilikuwa vimejaa tele. Nikakimbilia wodini na habari hiyo, nikakuta shuka limeshafunika uso wa yule mama.

Sasa nimestaafu, na vijana wa maabara huniuliza kama sayansi na imani vinagombana. Nawaambia siku ile vyote viwili vilinipa pa kujificha. Maana Ta Rwegasira aliniuliza mbele ya Sista:

"Tusingeondoka, angepona?"

Ningeweza kumwambia ni mapenzi ya Mungu, naye angeinamisha kichwa. Ningeweza kumwambia kitaalamu kwamba ugonjwa ulishakomaa. Sista alikuwa ananitazama tu. Nikasema sijui, na aibu ilinijaa mwili mzima.

Ta Rwegasira hakunitukana. Akasema mbebaji wake mmoja ameumia mguu, na Ngenge ni mbali. Nikavua koti jeupe, nikashika machela.