Pikipiki Iliyopelekwa Mbugani

Nakumbuka siku niliyotaka kuuza ng'ombe wa marehemu baba, mwanangu, na nimeikumbuka tena leo uliponionyesha kwenye simu yako ile pikipiki ya miguu minne, rahisi kuliko zote, ukaniuliza uinunue au uiache. Kaa hapa. Jibu langu ni refu kidogo, lakini halina hasara.

Ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi zote. Nilikwenda Bariadi mjini kununua dawa ya ng'ombe, nikapita duka moja pale Somanda, nikaiona. Nyekundu! Magurudumu mapana yenye meno, taa mbili kubwa mbele, imeingia kutoka ng'ambo juzi tu. Na bei yake, loo, ilikuwa ya kumfanya mtu adhani mwenye duka amekosea. Macho hayana pazia. Nilisimama pale mpaka dawa ya ng'ombe nikaisahau.

Mwenye duka aliitwa Seif, mtu mcheshi, shati jeupe, maneno laini. "Hii haijui tope, kaka," akaniambia. "Inakwenda popote."

Sikuuliza kitu. Unajua kwa nini? Niliona haya. Nilikuwa na katambuga miguuni na vumbi mpaka magotini, na dukani walikuwepo watu wa mjini wamevaa vizuri. Nikasema moyoni, nikiuliza maswali yangu ya kijijini watasema huyu mshamba katokea wapi. Basi nikatikisa kichwa kama mtu anayejua mambo. Ujana nao ni maradhi, tena mgonjwa mwenyewe hajui.

Nyumbani kwetu, karibu na Dutwa, baba alituachia maksai wanne. Ndio waliolima pamba, ndio waliolima mahindi, ndio walionisomesha. Mimi nilitaka wauzwe wote wanne tununue pikipiki ile, ivute tela, ipeleke mahindi mashineni, nami nipumzike kutembea nyuma ya mikia. Lakini ng'ombe walikuwa mali ya Mayu. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chetu, na huyu wangu alikuwa mama kwelikweli. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamweleza sifa zote za ile pikipiki, nikamalizia na bei.

Akaniuliza neno moja. "Ulimwona akivuta?"

"Mayu, hiyo ni mashine. Si ng'ombe."

"Nimesikia. Nauliza, ulimwona akivuta?"

Hapo nilijua amenishika pabaya. Kwetu hakuna mwenye akili anayenunua maksai wa kulimia akiwa amesimama tu. Unakwenda kwa mwenye ng'ombe, anafungwa nira mbele yako, analimishwa mpaka ashikwe na jasho. Unauliza ameugua nini, katibiwa na nani, akichoka hulala au hupiga teke. Na mimi, bila kujisifu, nilikuwa fundi wa kazi hiyo! Majirani walinichukua niwakagulie. Ng'ombe wa watu nilimfungua mdomo nikatazama meno. Lakini mashine ya kumeza maksai wetu wote wanne, hiyo niliitazama rangi. Ujuzi wangu wote niliuacha nje ya mlango wa duka.

Kesho yake Mayu akavaa buti zake za mvua, akashika fimbo, tukaenda.

"Shikamoo mama," Seif akasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye?" Akaizunguka pikipiki mara mbili. Akainama, tena akainama kabisa, goti chini, akaingiza mkono uvunguni. "Kinachovuta ni hiki?"

"Ndiyo mama, huo mnyororo."

"Ukikatika, mwingine uko wapi?"

Seif akakohoa. "Unaagizwa, mama."

"Unakaa njiani siku ngapi?"

"Inategemea."

"Na hapa mjini nani anamtibu huyu akiugua?"

Watu wakaanza kucheka. Mimi nikatazama sakafu, natamani ipasuke inimeze. Ndipo bwana mmoja mwenye tai, yule niliyemwogopa kuliko wote, akasogea karibu. "Mwacheni mama aulize," akasema. "Mimi nimeshalipa kianzio na sijui hata hayo." Kicheko kikakatika palepale. Kumbe wote tulikuwa tunaoneana haya!

Mayu akasimama, akakung'uta vumbi. "Mlete mbugani Jumamosi. Akivuta, maksai wangu wanakwenda mnadani." Seif aliiamini bidhaa yake, akakubali bila kusita.

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Wewe unaijua mbuga yetu, ule udongo mweusi ukishiba maji unakuvua kiatu ukiwa unatembea. Kijiji kizima kilikuja. Nikapanda mimi kwanza, peke yangu, nikaiwasha. Weee! Iliruka, mwanangu. Matope yalipaa pande zote, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikamtazama Mayu kwa kiburi, nikijua nimemshinda.

"Amekimbia vizuri," akasema. "Sasa afungwe tela."

Tukafunga tela lenye magunia ya mahindi ya kupeleka mashineni. Nikavuta mafuta. Magurudumu yakazunguka palepale, tope likamrukia Seif kwenye shati lake jeupe, moshi ukatoka, kisha paa! Mnyororo ukakatika.

Wakaletwa maksai. Wakafungwa mbele ya tela, na pikipiki ikafungwa nyuma ya tela, nami nikiwa nimeikalia kuishika usukani. Walivuta mzigo, wakavuta na mashine, wakavuta na kiburi changu, mpaka barabarani. Vigelegele vya safari hiyo vilizidi vya kwanza. Aibu nilikuwa nayo, sikatai. Lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi, nusura nilie, maana nilikuwa nimebakiza kidogo tu kuwapoteza ng'ombe wale. Msimu ule tungelima kwa nini? Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na mimi mbachao nilikuwa nimeshaukunja kwapani kwenda kuuza.

Seif alikuwa anafuta tope usoni. "Mama, wallahi hata mimi sikujua."

Sasa sikiliza vizuri alichofanya Mayu. Hakumcheka. Alimpa maji ya kunawa na bakuli la mtindi, akamwambia, "Mashine sijaikataa. Nimemkataa huyu. Ukimpata anayevuta, mlete."

Tukalima na maksai wetu, na pamba mwaka ule ilikubali. Masika yaliyofuata, asubuhi moja, tukasikia muungurumo njiani. Ni Seif! Amekuja na pikipiki nyingine ya miguu minne, nayo pia kutoka ng'ambo, iliyokwisha tumika, rangi imechubuka, wala haitamaniki. Haikuwa na mnyororo, ilikuwa na shafti ya chuma. Nyuma alibeba gunia la vipuri, na juu ya gunia amekaa fundi. Hata salamu hakumaliza vizuri. "Mama, nimemleta avute."

Mayu akaagiza tela lijazwe kama lile la kwanza. Akaongeza magunia mawili. Kisha, mwanangu, mama yangu akapanda juu ya magunia na buti zake, akasema, "Haya."

Ilivuta! Polepole, inanguruma, magurudumu yanakata tope, haikusimama. Mbuga yote tuliivuka, na Mayu huko juu ameinua fimbo anaimba wimbo wa kulimia, kijiji kizima kinamwitikia. Seif alikuwa anakimbia kando ya tela anapiga makofi kama mtoto. Tuliinunua kwa pamba. Maksai hawakwenda mnadani, walibaki zizini mwao. Na katika mvua zile zile, magari yote yakiwa yamekwama, pikipiki hiyo ndiyo iliyomfikisha mke wangu hospitali ana uchungu, na ndiyo iliyomrudisha na binti mikononi. Tulimwita Kabula, mtoto wa mvua.

Wafanyabiashara wenzake walimwambia Seif biashara itamfia, muuzaji gani anayekubali kupelekwa matopeni? Leo hauzi pikipiki kabla mnunuzi hajaifungia mzigo, na watu wanamfuata hata kutoka Nassa.

Basi, mwanangu, sikukatazi kununua. Wala sisemi kitu rahisi ni kibaya, vipo rahisi vinavyofaa na vya ghali vinavyoaibisha. Lakini usinunue picha. Fika ilipo, ifungie mzigo wako mwenyewe, kwenye tope lako mwenyewe. Uliza kipuri kiko wapi na fundi ni nani. Na usiuze kinachokulisha kabla hujakiona kitakachokulisha kinafanya kazi. Wakikucheka, waache wacheke. Kuuliza si ujinga, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nenda sasa. Mungu akutangulie huko dukani, akupe chombo cha kukuvusha masika na mavuno ya kukilipia, na akuondolee haya kabisa, uulize mpaka mwenye duka aombe maji ya kunywa.